Nilivyokwenda Kuilinda Sakafu ya Ghala la Njaa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza na simu mweke chini. Tangu nirudi kutoka kwa mdogo wangu Holo, kila anayepita hapa uani ananiuliza, bibi, ni kweli ulikwenda Kharumwa kutafuta dhahabu na paka? Muuza dagaa kauliza. Mama Shija kauliza. Mzee wa kanisa naye kauliza, ila yeye alianza kwa kunijulia hali ya magoti. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi nimeandika. Niliishia darasa la nne, kuandika naweza, mapambo sina. Anayeanza kusoma afike mwisho, asiishie kwenye paka akaenda kutangaza.

Mjue kwanza hilo ghala. Liko kijijini tulikozaliwa, ukishapita Kharumwa. Lilijengwa wakati wa Mwingereza, baada ya mvua kukataa na watu kula mizizi. Bwana Shamba wa kizungu na mtemi waliamuru kila kaya ipeleke mtama humo, upende usipende, ili njaa ikirudi watu wagawiwe. Wakaliita Ghala la Njaa na jina halijabadilika. Baba yetu alikuwa fundi mwashi, nguzo zake na ukuta wa upande wa mlango ni mkono wake. Baada ya uhuru ushirika uliweka pamba, ushirika ulipokufa wakaingia popo, na baadaye serikali ya kijiji ikawapa kina mama wa kikundi cha Holo watunzie mahindi yao. Ufunguo anashika Holo.

Sasa sikilizeni habari ya sakafu, maana ndiyo iliyoniondoa nyumbani. Sakafu ya ghala lile haikulala chini. Imenyanyuliwa juu ya nguzo fupi za matofali, usawa wa kiuno cha mtu mzima, na chini yake ni uwazi mtupu. Ukuta unaozunguka uwazi huo ni wa mawe mazito, una matundu madogo pande zote isipokuwa upande wa mlango. Paka anapita, mtu hapiti. Kazi ya uwazi ni upepo kupita ili nafaka isishike unyevu. Kazi ya matundu ni hiyo hiyo, na paka waingie kuwinda panya. Hakuna kingine.

Holo akapiga simu. "Dada, wamekuja wachimbaji. Wanasema chini ya sakafu kuna dhahabu ya Mjerumani. Wanataka kuvunja. Na panya nao wamezidi. Njoo upesi."

Ilikuwa mwezi wa kumi, mawingu yameanza kujikusanya. Mahindi ya kina mama wote wa kile kikundi yalikuwa juu ya sakafu hiyo, chakula chao mpaka mavuno. Sakafu ikitobolewa na mvua ikapiga, unyevu unapanda, mahindi yanaota ukungu, na nyumba hizo hazina pengine pa kula. Nikafunga mzigo. Na kwa kuwa alitaja panya, nikamchukua paka.

Samuye mpaka Isaka

Paka wangu hana jina, anaitwa paka. Nilimtia kwenye kapu lenye mfuniko, nikashona mfuniko kwa uzi wa gunia, nikaacha nafasi ya pua. Nikapanda gari ndogo ya abiria pale Samuye, tukabanana kama kawaida. Kijana aliyekaa jirani yangu akasikia kapu linakwaruza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Humo ndani mna nini?"

"Paka."

"Paka wa nini?"

"Wa kazi," nikamjibu, maana ndivyo alivyo.

Mnaijua nchi yetu. Mwanamke mzee, anasafiri peke yake, ana paka wa kazi. Yule kijana akasema anahisi joto, akahamia mbele. Mama mwenye mtoto akahisi joto. Tulipofika Tinde kiti chote cha nyuma kilikuwa changu na kapu langu, na wenzangu wamepakatana huko mbele hadi dereva anabadili gia katikati ya mapaja ya watu. Nikanyoosha miguu. Sikuwaambia wahame na sikuwaambia warudi.

Kufika Isaka mkanda wa injini ukakatika. Wote waligeuka wakalitazama kapu. Tukashuka. Konda akakimbia kutafuta mkanda.

Isaka mnaijua, malori yamepangwa kama ng'ombe mnadani yakisubiri mizigo ya kwenda Rwanda na Burundi. Nilikaa kwa mama ntilie, nikala wali na maharage, wali mzuri, maharage yana mawe. Karibu na meza kulikuwa na dereva wa lori aliyesubiri kontena lake kwa muda mrefu hata kando ya tairi la mbele alikuwa na tuta la mchicha. Mchicha umestawi. Nikamuuliza atavuna lini.

"Bibi, huu ni wa mara ya pili," akasema. "Wa kwanza nilishakula."

Huyo hakuogopa paka. Alimpa vichwa vya dagaa kupitia kwenye nafasi ya pua, akaniambia na yeye angependa paka ila hajui atakaa pale mpaka lini, na hawezi kufuga mnyama halafu amhamishe shule. Sikujua kama anatania. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyetania.

Ndipo dereva wetu akaja, ameshika kofia kwa mikono miwili, abiria wote nyuma yake.

"Bibi, kama kuna mtu alikukosea ndani ya gari, tunaomba msamaha."

"Mkanda wako ulikuwa umechakaa, mwanangu. Paka hana habari na mkanda."

"Sawa bibi. Lakini tunaomba msamaha."

Nikawaambia nimewasamehe, ili tuondoke. Kwa bahati mbaya konda naye alikuwa amekaza nati ya mwisho, dereva akageuza ufunguo, gari likawaka palepale. Mama mwenye mtoto akaanza kusali kwa sauti. Mpaka Kahama sikupata mtu wa kuongea naye.

Geti baada ya Kakola

Kahama nilibadili gari. Nikalala kwa binamu, asubuhi nikashika njia ya Kakola. Huko barabara ina vumbi la rangi ya tumbaku, na wanaopanda na kushuka ni wachimbaji, wana tope kavu mpaka kwenye kope. Wachimbaji ni watu wa ajabu. Walipomwona paka walifurahi, mmoja akaomba amguse awe na bahati. Nikamwambia guse, paka akamkwaruza, yeye akashukuru.

Tulipoiacha Kakola tukakuta geti la ushuru wa mazao, kamba imefungwa toka mti mpaka mti. Kijana wa geti akatupitia mizigo.

"Hii nini, bibi?"

"Paka."

"Paka ni mazao au mifugo?"

"Ni paka."

Akafikiri. "Anachinjwa?"

"Hachinjwi."

"Anakamuliwa?"

"Mkamue."

Akalitazama kapu, akaona ni heri amwite mkubwa wake. Mkubwa akaja anatafuna muwa, akaelezwa, akalizunguka gari zima kana kwamba paka anaweza kuonekana vizuri kwa nyuma. Akasema mnyama anayevuka wilaya lazima aingizwe kitabuni, na pale hawana sehemu ya paka. Wana ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na kuku.

"Andika kuku," akasema.

"Mkubwa, ana manyoya lakini ana miguu minne."

"Andika kuku wawili."

Ndivyo paka wangu alivyoingia Nyang'hwale.

Kharumwa mpaka kijijini

Kharumwa nilikula samaki, nikanunua chumvi ya Holo, nikapanda pikipiki. Dereva wake akaniuliza naelekea kwa nani. Nilipomwambia kwa Holo, kule kwenye ghala, akasimamisha pikipiki, akashuka, akaniamkia upya.

"Kumbe ndiye wewe. Wanakusubiri."

"Nani ananisubiri?"

"Wote."

Sikuelewa mpaka tulipofika. Uwanja wa ghala umefagiliwa. Kuna kiti cha plastiki katikati, kimetandikwa kanga. Kina mama wakapiga vigelegele, kuku alikuwa ameshachinjwa. Kijana mmoja mrefu, amevaa buti za mpira na miwani ya jua, akaja akainama, akaniamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, bibi. Mimi ni Masanja, kiongozi wa hawa vijana. Karibu sana, mtoto mkubwa wa fundi."

Nikamtazama Holo. Holo akatazama chungu.

Mambo yalikuwa hivi. Wachimbaji hawa walikuja na mtaalamu wao, ndivyo wanavyomwita mganga, ametoka upande wa Geita, mfupi, amevaa koti jeupe kama daktari wa mifugo. Mtaalamu alisema dhahabu hiyo haitolewi kwa nguvu. Sakafu ikipigwa nyundo kabla mtoto mkubwa wa fundi aliyejenga hajatamka ruhusa kwa mdomo wake, dhahabu itakimbia, itahamia kilima kingine. Wachimbaji hawana mzaha na dhahabu inayokimbia. Mtoto mkubwa wa fundi aliyebaki hai ni mimi. Mimi nimesafiri kwenda kuzuia, kumbe mimi ndiye ufunguo wenyewe, nimejileta.

Nikamvuta Holo pembeni.

"Uliniita nizuie au nifungue?"

"Nilikuita uje, dada."

"Holo."

"Nilipopiga simu nilitaka uzuie. Umechelewa njiani, wameongea na mimi." Akashusha sauti. "Dada, na kama ipo?"

Mdogo wangu ana miaka ya kutosha kuwa na vitukuu. Alishachagua rangi ya bati la nyumba atakayojenga kwa dhahabu hiyo.

Ghalani

Nikala kuku, kwa sababu alishakufa. Halafu nikasimama nikawaambia wote, Masanja, mtaalamu, mwenyekiti wa kijiji aliyekuja na viatu vya kanisani, na kina mama. Nikasema ghala hili silijui kwa kuambiwa. Nilikuwa mtoto hapa. Sakafu imenyanyuliwa ili upepo upite. Kile chombo chenu cha kutafutia dhahabu kinacholia mkikipitisha juu kinalia kwa sababu ndani ya zege vimelazwa vipande vya reli. Na Mjerumani hakuwahi kulitia machoni, alikuwa ameshaondoka kabla baba hajaota ndevu. Aliyejenga ni Mwingereza. Chini kuna hewa.

Masanja akavua miwani, kwa heshima kabisa.

"Bibi, mtu atoe saruji Ulaya, aipandishe meli, aipandishe treni, aje aifunikie hewa?"

Vijana wakacheka.

"Ndivyo alivyofanya."

"Na wewe utoke Samuye, na magoti hayo, kuja kutuambia hakuna kitu?"

"Ndiyo."

"Bibi yangu, mtu hasafiri hivyo kwa ajili ya hakuna kitu."

Nikaona vichwa vinatikisika kukubaliana naye, na cha Holo kimo. Huko migodini anayesema hakuna kitu kwenye shimo ndiye amekiona. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuamini, na jioni ile kuna mama mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama nitatosheka na fungu moja au nataka mawili.

Mtaalamu akataka kuonyesha mahali hasa. Akapanda ngazi za mlangoni kinyumenyume, ameshika kioo. Ngazi za ghala lile zimejengwa mbali na ukuta. Kati ya ngazi ya mwisho na kizingiti kuna pengo la kuruka, makusudi, panya akipanda afike juu asiwe na pa kwenda. Mtu anayetazama mbele anavuka. Mtaalamu alikuwa anatazama kioo. Akaingia mzima pengoni, likabaki koti na mikono miwili.

"Amenikamata mguu," akasema kutoka humo. "Mzungu mwenyewe."

Ilibidi wamtoe kwa kamba ya ng'ombe.

Nikatamka mbele yao wote kwamba ruhusa sitoi. Kesho yake nikaomba kigoda, nikakiweka upande wa nyuma, kwenye matundu, upande ambao ukuta ni dhaifu zaidi. Nikamwambia Masanja kama anataka kutoboa aanze na mimi. Paka nikamfungulia. Akanyoosha mgongo, akaingia tundu la kwanza kana kwamba amezaliwa humo.

Chai ya Mzungu

Mtaalamu akaja na neno jipya. Kwa kuwa mimi nimegoma, aombwe mwenye mali. Akapendekeza mbuzi. Mwenyekiti akasema Mzungu hali mbuzi wa kafara, Mzungu anakunywa chai. Likawa shauri zito. Mtaalamu alishikilia kuwa ni Mjerumani aliyejifanya Mwingereza, sasa haijulikani atapewa chai ya nani. Wakaja kunitoa kigodani kuniuliza.

"Bibi, yule Bwana alikunywa chai ya namna gani?"

Nikawaambia ukweli, kwamba nakumbuka alikuwa na chupa yake, na chai yake haikuwa na sukari.

"Ndiyo maana ana hasira mpaka leo," mtaalamu akasema. "Tieni nyingi."

Wakaingiza meza ghalani, kati ya magunia ya mahindi. Kitambaa, chupa ya chai, kikombe na kisosi, mkate umepakwa siagi kwa kisu, kiti kimoja. Mwenyekiti akauliza kama iwekwe na leso. Ikawekwa. Wakaegesha mlango, watu wazima wale, wakakaa uwanjani chini ya jua wamevua kofia, wakisubiri mkoloni amalize kunywa chai.

Mimi nilikuwa kigodani kwangu. Naapa nilicheka mara moja tu, na nikaficha mdomo kwa kanga.

Walipofungua, chai ilikuwa imepoa vilevile. Mkate upo. Siagi yote imelambwa, safi kabisa.

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Anakula siagi, anaacha mkate?"

"Wazungu siku hizi hawali wanga," Masanja akamjibu.

Nikawaambia ni paka. Wakatazamana wale, ule mtazamo wa kumhurumia mzee anayehangaika.

Halafu Masanja akafanya jambo lililoharibu kila kitu. Akaifunga simu yake kwenye ufito, akawasha taa yake, akaiingiza tundu la ubavuni inarekodi. Akaitoa, wakainamia wote. Kwenye picha kuna giza, kuna nguzo za baba yangu zimepangika vizuri, na mwisho kabisa kuna vitu viwili vya mviringo, vya rangi ya dhahabu, vinawaka. Vikazimika. Vikawaka tena, vimesogea.

Mtu mzima mmoja alikaa chini.

"Inatembea," Masanja akasema. "Jamani, inatembea."

"Ni macho ya paka wangu."

"Bibi, tafadhali."

Nikaita, paka, paka. Akatoka tundu la jirani, buibui kwenye masharubu, akaja akakaa miguuni kwangu. Hakuna aliyemtazama hata mmoja. Masanja alikuwa ameshairusha ile picha kwenye magrupu ya wachimbaji.

Rashi

Msiowahi kuona rashi, hebu fikirieni mnada, mazishi na harusi vimeangukia uwanja mmoja. Rashi ni mbio za wachimbaji, habari ya dhahabu ikisikika popote watu wanahamia hapo. Asubuhi nilipotoka na kigoda changu nilikuta pikipiki zimepanga foleni mpaka mtoni. Watu wa Geita, watu wa Kahama, mmoja amekuja na kitanda. Wakagawana uwanja kwa kamba. Hadi saa ya chai kulikuwa na kinyozi, mtu wa kuchaji simu, mhubiri, na mwanamke anayeuza buti za mguu mmoja mmoja. Mashimo yakaanza kila upande. Mwenyekiti alitoka nyumbani akakuta choo chake kimo ndani ya kamba ya mtu, ikabidi aombe ruhusa.

Ghala lenyewe hawakuligusa. Kina Masanja walisimama mlangoni wakisema ni lao, wanasubiri bibi alainike, na hao wageni nao walivyosikia habari ya dhahabu kukimbia walikaa mbali na ukuta wangu. Nilikaa kigodani kutwa, siku baada ya siku. Waliniletea chakula kwa heshima, maana nilikuwa ndiye mdomo wa ruhusa. Wakanitania, "Bibi, sema neno moja tu tukujengee ghorofa." Nikawaambia, waume zangu, ghorofa nitapandaje na magoti haya. Wakasema wataweka na kamba ya kunivutia juu.

Chakula kilikuwa ugali wa mahindi, mweupe, mtamu, na samaki furu wa mchuzi. Nilikula nikasifu. Nikamwambia mama aliyeniletea, mahindi haya ni mazuri, yamekauka sawasawa, yanakaribia kuwa mazuri kama ya Holo. Akacheka sana, akaondoka na sahani.

Na mimi mtu mzima sikuuliza anacheka nini.

Ghafla ikaja habari nyingine kwamba dhahabu imeonekana kilima fulani upande wa Geita, na huko inaonekana kwa macho. Sijui nani alianza kukimbia. Niliona kinyozi amemwacha mteja ana nywele upande mmoja, mteja naye akakimbia hivyohivyo. Kitanda kikapakiwa. Mtaalamu akaeleza kwamba ndiyo ileile ya kwetu, imehama, kama alivyosema, kwa sababu ya ukaidi wa bibi, akapanda pikipiki akiwa ameikumbatia chupa ya chai ya Mzungu. Masanja alikuja kuniaga. Aliinama vilevile kama siku ya kwanza.

"Bibi, ulikuwa na siri nzito. Nimekuheshimu."

"Nenda salama, mwanangu. Angalia mashimo."

Mchana ule uwanja ukabaki na mashimo, na mimi, na buti moja. Nikalizunguka ghala lote kwa miguu yangu. Ukuta mzima. Matundu mazima. Nguzo, nilichungulia, zote nzima. Sikumbuki lini nilijisikia vizuri kama saa ile. Nikamwita Holo.

"Lete ufunguo. Nataka niyaone mahindi niliyoyalinda."

Holo akaja taratibu. Kina mama wengine wakaja nyuma yake, wakasimama mbali. Mlango ukafunguliwa, nikavuka pengo, nikaingia. Sakafu imara, safi, haina ufa. Nilipopiga hatua nilisikia mlio wa hatua yangu unanirudia kutoka ukuta wa mbele.

Hapakuwa na gunia hata moja. Meza ya Mzungu ilikuwa imesimama peke yake katikati, na kitambaa chake.

"Watu walikuwa wengi, dada," Holo akasema nyuma yangu. "Walikuwa na njaa. Walikuwa wanalipa bila kubishana."

"Yote?"

"Tulianza na la kwanza tu. Halafu tukaona, dhahabu ikitoka, mahindi ya nini?"

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa matundu. Mlango uko upande wa pili. Wachimbaji niliowazuia wasitoboe chini walikuwa wanakula juu kila siku, na mimi nikala nao, nikasifu. Pesa waliyopata kina mama ilishageuka bati na simu na magodoro, na iliyobaki, huko Kharumwa unga ulikuwa umepanda bei kwa rashi ileile, hainunui kitu cha kufikisha nyumba hizo hata kwenye palizi. Mvua ya kwanza ilipiga jioni ile. Ndani ya ghala hakikuingia hata tone moja. Baba alijenga vizuri.

Haya yote nimemsomea Holo kwenye simu. Akasema, andika tu dada, ila ile ya rangi ya bati uiache. Nimeiandika.

Kurudi

Paka nilimwacha. Hana kazi kwa sasa, maana panya nao wamehama, lakini sikutaka geti linirudishie kuku wawili. Barabara ya Kakola ilikuwa tope, tulishuka tukasukuma gari mara nyingi, na kwa kuwa sikuwa na kapu nilibanwa katikati ya watu wawili wanene mpaka Kahama. Isaka nilimtafuta yule dereva wa mchicha. Lori halikuwepo. Tuta lilikuwepo, na mama ntilie alikuwa anachuma.

Njia nzima nilikuwa nahesabu midomo ya nyumba ya Holo na nahesabu mtama wa kihenge chetu.

Nilipofika Samuye nilikataa maji ya kuoga. Nikawaita wote uani, wanangu, wake zao, na wajukuu, nikawaambia hivi. Kesho asubuhi mkokoteni ufungwe ng'ombe, mtama wa kihenge kikubwa utolewe, ugawanywe nusu kwa nusu, nusu iende barabarani ikatafutiwe gari la Kharumwa, ifike kwa Holo kabla njia haijakatika. Kuanzia leo hapa tunakula mara moja kwa siku na jioni michembe, vile viazi vya kukausha, na asiuze mtu hata debe, hata akija mnunuzi amepiga magoti. Wajukuu wa Holo wanakuja kukaa hapa mpaka mavuno. Watalala mnapolala na watapakuliwa kabla yenu. Na mtu wa nyumba hii asiwaulize habari ya dhahabu. Atakayezidiwa na kicheko, akachekee zizini na ng'ombe.